Mkono Mmoja Mfukoni

Nguo za wanawake hazina mifuko, na jambo hilo limeniudhi tangu nikiwa msichana. Msidhani ni udhia mdogo. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya simu, na karakana yake, chumba kimoja cha mawe kando ya nyumba yetu kule Kalama, ilikuwa na sheria moja tu: ukigusa mashine yenye umeme ndani, mkono mmoja uwe mfukoni. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme unaingilia huku na kutokea kule, na katikati ya huku na kule kuna moyo wako. Ukigusa kwa mkono mmoja utarushwa, utapiga mayowe, lakini utaishi. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na suruali fupi yenye mifuko miwili na hakutaka kujua habari ya mashine hata chembe. Mimi nilitaka kujua, na nilikuwa na rinda lisilo na mfuko.

Nikamwomba mama anishonee mmoja. Mama ni mtu wa sindano mpaka leo. Hakuna kiti, meza wala redio nyumbani kwetu isiyo na kitambaa alichokifuma mwenyewe. Akakataa. "Msichana na mfuko wa nini? Utaweka nini humo?" Nikamwambia nitaweka mkono. "Mkono wa msichana uko na kazi," akasema. "Hauna haja ya kulala kwa mfuko."

Basi baba mwenyewe alikata kipande cha gunia la unga, akakishona kwenye rinda langu kwa uzi wa kufungia nyaya, kwa mishono mikubwa mikubwa kama ya mdomo wa gunia la mahindi. Mama alipouona mfuko ule alifyonza. Mimi nilienda nao mpaka kanisani, tena nikakaa kiti cha mbele.

Nasema haya mjue nilikotoka, maana baba alipofariki watu walizungumza juu ya karakana ile kana kwamba ilikuwa banda la kuku lililokosa mwenyewe.

Siku za matanga nilikuwa na machungu mawili. La kwanza mnalijua. La pili ni kwamba kibanda changu mjini Machakos, karibu na soko, kilikuwa kimebomolewa kupisha barabara. Mimi hutengeneza vipaza sauti na mashine za muziki. Nusu ya makanisa ya mji huu yanahubiri kwa mikono yangu, na wakibisha nitakuja kuwakatia sauti Jumapili moja waone. Tingatinga lilipopita, niliokoa vyombo vyangu kwenye mkokoteni, nikavirundika sebuleni kwangu katika chumba cha kupanga ambamo ukinyoosha mguu unagonga jiko. Fundi hawezi kufanya kazi hivyo. Nilihitaji chumba. Na chumba kilikuwepo, chenye meza ya mbao ngumu, chenye soketi alizozipanga baba, na chenye mashine kubwa ambayo mtu yeyote wa kazi yangu angeitamani.

Mashine yenyewe huitwa osiloskopu. Sisi nyumbani tuliiita Kioo. Ofisi ya baba ilipoleta mashine mpya iliipiga mnada ile ya zamani, na baba akaileta Kalama kwa pikapu, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ni nzito kama mbuzi dume aliyekataa kutembea. Mbele ina kioo cha duara na vifundo vingi vya kuzungusha. Ndani hakuna hivi vidude vidogo vya siku hizi, mna valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Kazi yake ni kukuonyesha sura ya umeme. Mita ya kawaida itakuambia umeme upo au haupo. Kioo kitakuonyesha unavyotembea, kwa mstari wa kijani: unapopanda, unaposhuka, unapochechemea. Kipaza sauti kikikoroma, unatazama mstari na unaona mkoromo umeanzia wapi.

Baada ya mazishi ndugu yangu alisimama mbele ya jamaa. Yeye anauza chakula cha mifugo Matuu, na biashara inamwendea vizuri, sina wivu. Akasema chumba cha mzee kimejaa vyuma vilivyokufa. Akasema ameshaongea na mtu wa vyuma kuukuu, aje na lori achukue vyote, na chumba kiwe stoo yake ya kuwekea magunia upande huu.

"Hakuna kilichokufa mle," nikasema.

"Hiyo Kioo haijawaka tangu mzee aanze kuugua."

"Hata wewe hujaoga tangu asubuhi, mbona hatujakuitia mtu wa vyuma?"

Watu walicheka, na nilijua nimeharibu, maana ndugu yangu akichekwa mbele za watu hageuki tena. Ikabidi baba mdogo, mdogo wake marehemu, aingilie kati. Baba mdogo ni mtu wa amani, na mtu wa amani akiona ugomvi hutafuta njia ya kuumaliza haraka hata kama njia yenyewe ni mbovu. Akasema tutakaa kama familia wiki chache baadaye, Jumamosi, siku ya kugawana vitu vya mzee. Siku hiyo Kioo kiletwe sebuleni, kiwashwe mbele ya kila mtu. Kikiwaka kuanzia sala ya kufungua mkutano hadi sala ya kuufunga, karakana na vilivyomo ni vyangu. Kikizima katikati, mtu wa vyuma aje.

Nikakubali. Nilikubali kwa hasira, na kwa hasira mtu hukubali chochote. Najua katiba inasemaje kuhusu mabinti na urithi. Lakini katiba haiji Jumamosi kuketi kwenye kochi la mama. Mle ndani ni jamaa tu, na jamaa walikuwa wametikisa vichwa wakisema hilo ni jambo la haki.

Kesho yake nilirudi na begi langu.

Mashine iliyolala muda mrefu huiamshi kwa kuichomeka ukutani. Wanaofanya hivyo ndio hawa wanaotuletea mashine zinazonuka moshi na kusema zimerogwa. Nilifungua mbavu zake mbili kwanza. Mlikuwa na vumbi la kupanda maharage, na mayai ya mjusi, matupu. Nikapiga brashi taratibu, valvu moja baada ya nyingine. Nyuma kuna feni inayovuta hewa ya kupoza valvu, na mbele ya feni kuna wavu wa kuzuia vumbi. Wavu nikaufua kwa sabuni nikauanika pamoja na soksi zangu.

Kisha nikahitaji balbu. Baba alinifundisha kuwa mashine iliyolala huamshwa kupitia balbu ya taa, ile ya zamani yenye waya mwembamba ndani, iliyofungwa njiani kabla ya umeme kufika kwenye mashine. Balbu ikiwaka kwa ukali na isififie, kuna shoti, zima upesi. Ikiwaka kisha ikififia, mashine inapumua. Sasa nendeni Machakos mkatafute balbu ya zamani. Nilizunguka maduka yote mpaka mwenye duka mmoja akaniambia, "Mama, hizo ziliisha, siku hizi ni za kuokoa stima." Nikamwambia sitaki kuokoa stima, nataka kuokoa mashine. Mwishowe nilipata kwa muuza vifaranga. Wanazitumia kuwapa joto. Nilirudi Kalama nimepakata balbu ya kuku kwenye bodaboda.

Balbu iliwaka kali, halafu polepole ikafifia. Aiya! Nilipiga kofi peke yangu. Lakini mstari haukutokea, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevimba matumbo, nikazing'oa na kuweka nyingine nilizotoa kwenye televisheni kuukuu. Swichi zilikuwa na kutu, nikazisafisha kwa spiriti na kipande cha fulana. Kila nilipopima na umeme ukiwa ndani, nilifunga aproni yenye mfuko niliyoishona mwenyewe, vibaya, maana sindano ya mama sikuirithi. Kulikuwa na umeme wa kuua mle ndani, si utani, na nilikuwa peke yangu. Mkono wa kushoto ulikaa mfukoni kutwa mpaka ukalowa jasho.

Mchana mmoja mstari ukatokea. Kwanza kidoa, halafu kidoa kikanyooka, kijani kibichi, kutoka upande huu wa kioo hadi ule. Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimerushwa.

Mama aliitazama mashine, akaenda nyumbani akarudi na kitambaa. Alikuwa amekianza siku za matanga, watu wakija kumpa pole naye mikono yake ikienda tu, uzi mweupe na wa samawati, na alikuwa amekimaliza asubuhi ya mazishi. Hakikuwa cha meza wala cha kiti. Kilikuwa cha Kioo, kwa kipimo chake hasa, kirefu mbele na nyuma. Nilipofunga mbavu za mashine, mama akaivisha. Mbele akakiinua kitambaa na kukitupa juu kuelekea nyuma, kama tunavyofanya kwa televisheni tukitaka kutazama habari.

"Haiwezi kaa uchi," akasema. "Ni ya mzee."

Nikamshukuru. Nikaiacha ikiwaka, tukanywa chai. Chai ilipokaribia kuisha, tik, mashine ikazima. Feni kimya, mstari hakuna, valvu nyeusi.

Basi hapo nikaingia katika vita ambavyo sitavisahau. Nilipoifungua tena ili nione, iliwaka. Nikaiacha wazi kutwa nzima, iliwaka kutwa nzima, mstari umetulia. Nikaifunga, mama akaivisha, ikazima. Wale waliopeleka mtoto hospitalini akiwa na homa, wakafika kwa daktari homa imeshuka, wananielewa. Nilikagua fyuzi, nzima. Nilichomelea upya kila kiungo nilichokishuku. Niliwalaumu watu wa umeme, nikasema stima ya Kalama inapepesuka. Mwishowe nilibaki na mshukiwa mmoja, swichi ya joto. Ni kidude kidogo cha duara, kazi yake ni kukata umeme ndani mkiwa na joto kupita kiasi, na kuurudisha mkipoa. Nilisema hiki kimezeeka. Kinashtuka kwa joto dogo, kama wazee wanaojipepea kwenye baridi ya Julai.

Ningeweza kukiruka kwa kipande cha waya. Kazi ya dakika, na mashine isingezima tena. Ndugu yangu angekuja na mdomo wake akakuta inawaka. Lakini baba hakuwahi kuruka kinga ya mashine maisha yake yote, na mimi sitaki kushinda kwa kudanganya. Nilitafuta swichi nyingine kila mahali nikakosa. Jumamosi ikanikuta nayo hiyo hiyo.

Sebule ilijaa. Mama alikuwa ameamka mapema kupika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na kuvisha nyumba, makochi yote yana vitambaa vipya, hata kalenda alitamani kuivisha. Kioo kilikuwa juu ya meza pembeni, nacho kimevishwa, kitambaa kimetupwa nyuma kisifiche mstari. Nilikuwa nimekiunganisha na maikrofoni ndogo, nikaiweka katikati ya meza ya chai, ili mtu akisema mstari ucheze. Nilitaka waone kuwa hiki si kijitaa cha kuwaka tu, ni mashine inayofanya kazi.

Baba mdogo akafungua kwa sala. Mstari wa kijani ukawa unapanda na kushuka na maneno yake, na nikawaona watu wakifumbua jicho moja moja kutazama. Hata ndugu yangu alifumbua. Sala ikaisha, tukaanza mambo ya mzee. Ng'ombe, akapewa nani. Baiskeli, nani. Ndugu yangu akisema, sauti yake ilijaza kioo chote, milima juu chini. Mama aliposema, kilitokea kijilima kidogo tu, kisha kikalala.

Mikutano ya kwetu haina haraka. Kila mtu lazima aseme, na kila anayesema lazima arudie alichosema wa kwanza. Mimi nilikuwa sisikii kitu. Nilikuwa nasikiliza feni. Chai ikaletwa. Vikombe vikapita. Nikasema moyoni, Ngai, Mungu wangu, leo tu, niachie leo tu.

Tik.

Ndugu yangu aliweka kikombe chini polepole, akageukia jamaa na kufungua mikono, kama mtu anayewaonyesha njia ya mlangoni. "Nilisema," akasema. "Imekufa. Nimpigie mtu wa vyuma ama mnataka kuongea zaidi?"

Niliinuka. Sikuwa na mpango wowote, miguu iliinuka yenyewe. Nikaenda nyuma ya meza, nikaweka kiganja mgongoni mwa mashine. Moto! Moto wa sufuria. Nikasogeza mkono nikitafuta hewa ya feni, na badala ya wavu nikashika uzi. Kitambaa cha mama, kile kipande kirefu kilichotupwa nyuma, kilikuwa kimenyonywa kikabandika kwenye wavu wote, kimeziba tundu lote, barabara, kama kifuniko cha chungu.

Nikasimama pale mkono nyuma ya mashine na kila kitu kikanijia. Kila ilipokuwa wazi, ilikuwa uchi. Kila ilipozima, ilikuwa imevishwa. Swichi ya joto haikuwa na uzee wowote. Ilikuwa ikisema kweli siku zote, na nani angedhani? Nani kwetu hapa angeshuku kitambaa? Tumezaliwa tukakuta redio zimevaa, televisheni zimevaa, na kitu kisichovaa ni kitu kisicho na mwenyewe.

Nikakivuta kitambaa chote, mbele ya watu wote. Nilisikia shangazi mmoja akishusha pumzi, maana kila mtu pale alijua kimefumwa lini na kwa ajili ya nani. Sikumtazama mama. Niliogopa kumtazama.

"Haijakufa," nikasema. "Ilizibwa pumzi. Ikipoa itawaka yenyewe, siigusi."

"Ilizima," akasema ndugu yangu. "Wote tumeona. Maneno yalikuwa sala mpaka sala."

Baba mdogo akajikuna shingo. "Binti yangu, ni kweli nilisema hivyo."

Nikawageukia wote, sikujizuia tena. Niliyazuia maneno yale miaka mingi na sikuona faida yake.

"Baba mdogo, nina swali," nikasema. "Huyu alipopewa shamba la kule chini, aliambiwa likae limewaka kutoka sala mpaka sala? Mahindi yake yalipokauka, nani alikuja kumwambia ameanguka mtihani, atoke? Mimi nimewakosea nini mpaka nifanyiwe mtihani kwa nyumba niliyozaliwa? Nilikubali maneno yenu kwa sababu nilikuwa na hasira na mpumbavu. Sasa sikubali. Leteni lori. Nitakaa juu ya hiyo mashine, na huyo mtu wa vyuma atanipima kilo pamoja nayo!"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mama mkononi sijui nikiweke wapi.

Tik.

Feni ikaanza kuzunguka. Valvu zikapata rangi ya chungwa moja moja, ile taratibu ya kukutoa roho, halafu kidoa, halafu mstari, umenyooka toka mwanzo wa kioo hadi mwisho.

Mama akaniita kwa kidole. Nikampelekea kitambaa nikidhani ananidai, nikapiga goti kumpa. Akakiweka mapajani akakipapasa mahali palipoungua kidogo.

"Mimi ndiye niliyeiziba," akasema. Mstari ukafanya kijilima chake kidogo. "Nilidhani namvisha mzee wenu. Kumbe nilikuwa naikaba."

"Mama, si makosa yako," akasema ndugu yangu, "lakini tulisikizana..."

"Mlisikizana na nani?"

Ndugu yangu akachukua tena kikombe chake.

"Niulize tu," mama akaendelea, na sauti ilikuwa imepanda. "Mmekaa hapa tangu asubuhi mkigawa vitu vya mzee. Mzee amezikwa, sikatai. Mimi nimezikwa? Hicho chumba nimekifagia kabla hamjajua kutembea, na hakuna mtu ameniuliza mama wewe unasema nini. Bado ni changu. Na bado niko hai!"

Hapo mstari ulipanda mpaka ukatoka nje ya kioo, juu na chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilitaka kunyoosha mkono nizungushe kifundo niupunguze, nikaacha. Wacha utoke nje.

Mama akafungua fundo la leso yake kiunoni, akatoa ufunguo wa karakana, akaniwekea kiganjani bila kunitazama. Kisha akatafuta ncha ya uzi pembeni mwa kitambaa, akaipata, akavuta. Watu waliendelea na mkutano, kuku wakagawanywa, na wakati wote huo mama alikuwa anafumua, safu baada ya safu, akikunja uzi kuwa donge. Baba mdogo alipofunga kwa sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia, kitambaa kilikuwa kimeisha na Kioo kilikuwa kinawaka.

Ndugu yangu aliondoka bila kuniaga. Hanisemeshi mpaka leo, tukikutana sokoni anatazama viatu. Atazoea. Magunia yake yamepata stoo huko huko Matuu, na hayalali nje.

Nilihamia wiki ile ile. Nilipanga vyombo vyangu kwenye meza ya baba, nikachora ubao kwa rangi nyekundu nikaugongomea mlangoni, na mteja wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa aliyekuja na kipaza sauti kinachokoroma. Nilipoenda kuchukua aproni yangu kwenye msumari, sikuipata. Nikamuuliza mama akiwa jikoni. Akasema ningoje.

Akaja nayo baadaye kidogo, na kikombe cha chai. Ule mfuko wangu nilioushona vibaya alikuwa ameutoa. Mahali pake palikuwa na mwingine, wa kufumwa, uzi mweupe na wa samawati, umekaa upande wa kushoto sawasawa, na mishono yake huioni hata ukiitafuta. Nilishindwa kusema asante. Basi nikafanya ninachofanya siku zote nikishindwa, nikatafuta kosa.

"Mama, huu mfuko una matundu mengi," nikasema. "Kitu kitadondoka."

"Si uliniambia ni wa kuweka mkono?" akasema. "Mkono utadondoka?"

Akavuta kiti akaketi kando ya meza, mahali alipokuwa akiketi baba. Nikafunga aproni, nikaingiza mkono wa kushoto mfukoni mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kwa ule wa kulia nikawasha mashine.